Kingo za taili bafuni zikiwa na meno: zilainishe kwa mkono kabla hujaita mtu wa kung'oa

Mama alikuja kututembelea Jinja kutoka Busia, siku ya pili asubuhi akatoka kuoga ameshika kiganja kwa taulo na damu inachuruzika. Alikuwa amenyoosha mkono kuchukua sabuni kwa lile shubaka la ukutani tulilojengewa ndani ya shawa, ukingo wa taili ukamchana hapa chini ya kidole gumba. Akaniambia tu, mwanangu nyumba yako nzuri lakini bafu lina meno. Mi nilikuwa naoga hapo miezi nane, nimeshazoea kuingiza mkono kwa upande, watoto nao wameshazoea, kumbe tunaishi na wembe ukutani na tunaona ni kawaida.

Fundi aliyefanya hiyo kazi alikata taili zote za shubaka na za kile kiukuta kifupi cha kuzuia maji kwa grainda, anakata kavu, diski yenyewe imeshachoka, halafu ule upande aliokata ndio akaugeuza utazame nje, ule upande laini wa kiwandani akaufukia kwa kona ambako hakuna mtu atauona wala kuugusa. Niliowauliza karibu wote jibu lao moja, ng'oa uweke upya. Kung'oa si mchezo jamani, ukigonga taili moja ya shubaka unaweza kupasua na jirani yake, na ile dawa ya kuzuia maji iliyopakwa nyuma ukiichana umeanzisha tatizo lingine la ukuta kuvuja upande wa chumba cha kulala. Nikaamua nizishughulikie pale pale zilipo. Ilinichukua wikendi mbili na leo mtoto anaweza kupitisha kiganja pale bila wasiwasi.

Kitu kimoja nataka ukishike mapema: lainisha kwanza, kuficha kuje baadaye. Watu wengi wakiona ukingo mbaya wanakimbilia kununua stripu (ule utepe mrefu wa plastiki au chuma wa kufunika ukingo) au tyubu ya silikoni wafunike, sasa kitu kilichobandikwa juu ya meno hakishiki vizuri, kinaacha vijitundu, maji yanaingia na hayatoki, baada ya muda stripu inabanduka na chini yake kumejaa uchafu mweusi unaonuka. Na sehemu nyingi ukishazilainisha vizuri utakuta hata hazihitaji kufichwa.

Tazama ukingo wako kabla hujanunua kitu

Usipitishe kidole. Chukua soksi kuukuu ya nailoni au kipande cha pamba, kiburute polepole kwa ukingo wote, kila mahali panapokwama weka alama kwa penseli. Mi nilidhani nina sehemu tano sita mbaya, nilipomaliza nilikuwa na alama kama thelathini na ukuta umebaki na vinyweleo vya pamba juu mpaka chini.

Angalia pia kama kinachokwaruza ni taili yenyewe. Saa ingine ni gundi au simenti iliyochomoza pembeni ikakauka hapo hapo, fundi hakuifuta siku ile, na hiyo unaitoa kwa skrepa au kisu butu kwa dakika chache na unakuta nusu ya ubaya umeondoka nayo. Kwangu upande wa kiukuta ulikuwa hivyo, nilikwangua vipande vya gundi vikubwa kama punje za mahindi.

Halafu jua taili yako ni ya aina gani maana kazi haifanani. Tazama pale ilipokatwa. Kama ndani ni udongo mwekundu au wa rangi ya maziwa na juu kuna kautando kembamba kenye rangi na kung'aa, hiyo ni seramiki, na taili nyingi za ukutani ni hizo. Kama ndani ni gumu kama jiwe, imeshikana, huoni vitundu, hiyo ni poseleni. Kama bado una shaka chukua kipande kilichobaki udondoshe tone la maji pale palipokatwa, seramiki ya ukutani italinywa na poseleni italiacha limekaa juu. Kwa viwango vya kimataifa poseleni haitakiwi kunyonya maji zaidi ya asilimia 0.5 ya uzito wake, wakati taili za kawaida za ukutani zinapita asilimia 10. Hilo nalitaja kwa sababu maana yake ni kwamba ukingo wa seramiki uliokatwa na kuachwa wazi ndani ya shawa unakunywa maji kila siku mnapooga, kwa hiyo kwa seramiki kulainisha peke yake hakutoshi, lazima na kuziba.

Mwisho gonga. Tumia mpini wa bisibisi, gonga taili za ukingoni polepole. Sauti ikiwa nzito, imejaa, endelea. Ikilia kama debe tupu ujue nyuma gundi haikushika, ukianza kusugua itatikisika na inaweza hata kudondoka, na hiyo kweli ndiyo ya kutolewa na kubandikwa upya.

Vitu vya kutafuta

Kwa seramiki unahitaji jiwe la kusugulia, lile la kaborundumu, jeusi au la kijivu, ndugu wa lile tunalonolea visu, na ukipata lenye upande wa chenga na upande laini ni bora zaidi. Kwa poseleni jiwe hilo litakuchosha bure, linalainika lenyewe kabla taili haijashtuka, huko tafuta pedi za almasi za mkono, zile za sponji zenye uso wa vidoti, zinauzwa kwa namba, namba ndogo ndiyo yenye chenga kubwa, na unataka kama 60, 120, 200 na 400. Jiwe nililipata kwa hadwea hapa Main Street Jinja, pedi nikamtuma mtu Nakasero kule Kampala akanitumia kwa teksi. Ukikosa zile pedi za namba kubwa basi msasa wa maji utafanya kazi ya kumalizia, ule mweusi wanaotumia mafundi wa kunyoosha bodi za magari, uzungushe kwenye kipande cha mbao kilichonyooka. Msasa wa mbao achana nao, ukilowa unasambaratika.

Vingine viko nyumbani: sponji, basini ya maji, chupa ya kupulizia, matambara, tepu ya karatasi ya mafundi wa rangi, glavu, miwani ya kazi. Miwani usipuuze, vijipande vya ngozi ya taili vinaruka na ni vioo.

Najua utaambiwa chukua grainda umalize kwa dakika mbili. Grainda ikiwa kwa mtu mwenye mkono uliotulia na diski nzuri ya almasi inaweza, lakini pale ukutani, kwenye taili iliyokwisha kubandikwa, mkono ukiteleza kidogo unachora uso wa taili na hiyo alama haifutiki milele. Na kuna mambo mawili makubwa zaidi. Vumbi la taili lina silika ndani, ukilivuta kavu lile laini kabisa linashuka mpaka chini ya mapafu na linabaki huko, ugonjwa wake unaitwa silikosisi na hauna tiba. Sasa ukisema basi nimwagie maji ili vumbi lisiruke, umeshika mashine ya umeme wa volti 240 kwa mikono iliyolowa ukiwa umesimama kwenye sakafu ya bafu. Kwa mkono na kwa maji hakuna vumbi na hakuna umeme. Unachokipoteza ni muda tu.

Kusugua kwenyewe

Kwanza ziba tundu la maji machafu la sakafuni. Mi nilifunga tambara ndani ya kavera, yaani mfuko wa plastiki, nikalisukumia pale, kwa sababu lile tope la taili likiingia kwenye bomba linatulia chini kama simenti na hilo ni tatizo utakalolikuta miezi mingine mbele ukiwa umeshasahau. Tandika matambara chini ya sehemu unayosugua.

Bandika tepu kwa uso wa taili kama nusu sentimita kutoka ukingoni, tabaka mbili, ili jiwe likiteleza lichane tepu lisichane taili. Na kabla hujagusa ukuta fanya mazoezi kwa kipande kilichobaki, huna, omba dukani wanapouza taili, vilivyovunjika havikosekani. Dakika kumi za kipande kibovu zitakufundisha kuliko maneno yangu yote haya.

Sasa siri yote iko kwa mwelekeo. Ile ngozi ya juu inayong'aa ni kioo kabisa, kimechomwa juu ya udongo kikashikana nao. Ukisukuma jiwe kutoka upande wa udongo kwenda kwenye kioo unakiinua kwa chini, kinabanduka, na badala ya kuondoa meno unatengeneza mengine. Kwa hiyo anzia kwenye uso unaong'aa uteremke kuelekea nyuma, jiwe limelala digrii 45 hivi, sukuma mara moja, inua, rudi juu, sukuma tena. Usiende mbele na nyuma kama unayesugua sufuria. Mkono mwepesi, jiwe ndilo linakula, nguvu yako haihitajiki. Pulizia maji kila baada ya muda kidogo, jiwe likikauka utalisikia linaanza kung'ang'ania.

Sikiliza sauti. Mwanzoni inakwaruza na kukwama, krr, krr-krr, hayo ni meno yanagonga jiwe moja moja. Unavyoendelea zile krr zinasogeleana, zinaungana, mpaka inakuwa shhh moja ndefu kama mtu anayefagia uwanja wa udongo asubuhi. Ukifika hapo simama, futa na sponji, leta tochi ya simu uimulike kwa ubavu. Pale palipokuwa na ncha utaona mstari mwembamba usiong'aa, upana kama milimita 1, umenyooka toka mwanzo mpaka mwisho. Hapo ndipo penyewe. Kwa seramiki usipite milimita 2 maana ngozi yake ni nyembamba, ukizidisha unabaki na mstari mpana wa udongo mwekundu na sasa umejiongezea kazi ya kuuficha.

Tope litakalotoka ni la rangi ya ule udongo wa ndani, kwangu lilikuwa jekundu kama uji wa mtama, likashuka mpaka kwenye grauti nyeupe za chini, ule ujazo wa katikati ya taili, nikaogopa sana. Linatoka kwa maji ukilifuta likiwa bado bichi, likikaukia pale litakusumbua, kwa hiyo futa kila baada ya kipande cha urefu wa mkono.

Kwa poseleni mwendo ni ule ule ila unapanda ngazi za pedi: 60 kwa kuondoa meno tu, ukiona yameisha hamia 120, kisha 200, kisha 400. Usiruke, kila namba inafuta mikwaruzo ya iliyotangulia, ukiruka kutoka 60 mpaka 400 utasugua mpaka jioni na ile mikwaruzo mikubwa bado inakutazama. Uzuri wa poseleni ile yenye rangi moja mpaka ndani ni kwamba ukimaliza na 400 ukingo unafanana na taili yenyewe na hakuna cha kupaka, kazi imeisha.

Muda? Mita moja ya seramiki ilinichukua kama robo saa, na sehemu ya poseleni niliyonayo kwa kizingiti ilikula karibu mara tatu ya hapo kwa urefu ule ule. Kiwiko kitauma siku ya pili.

Zile kona za nje za shubaka, pale taili mbili zinapokutana zikachongoka, ndizo zilizomchana mama. Hizo baada ya kulainisha kila upande zungusha jiwe kidogo kwa ile ncha yenyewe, mara tatu nne tu, iwe butu kama pembe ya kipande cha sabuni kilichotumika siku mbili. Ukiiangalia huwezi kuona tofauti ila ukiigusa utaijua.

Na ukikuta pengo kubwa, lililomeguka ndani kama kucha ya mtoto, usijaribu kulifukuza kwa kusugua mpaka liishe, utakula taili nzima. Toa makali ya pembeni yake tu lisichane mtu, halafu liache, linajazwa.

Mapengo na ule mstari wa udongo

Kabla ya kujaza chochote acha pakauke, na nasema pakauke kweli. Seramiki imekunywa maji yako muda wote huu. Mi niliacha siku mbili, dirisha wazi, watu wote wanaoga kwa basini huko nje, na kwa kuwa ulikuwa mwezi wa nne mvua za Jinja hazipumziki nikaweka na feni usiku kucha ikiwa mlangoni, mbali na maji.

Kwa mapengo nilitumia epoksi, gundi ngumu ya tyubu mbili, ile unachanganya nusu kwa nusu. Ukiitia peke yake inabaki kama kioo na pengo linaonekana kama doa la maji, kwa hiyo chukua unga kidogo wa grauti ya rangi inayokaribia taili yako, uchanganye humo mpaka iwe nzito kama siagi. Jaribu rangi kwanza kwenye kipande, ikikauka inakuwa nyeusi kidogo kuliko ulivyoiona mbichi, mi nililazimika kuchanganya mara tatu kabla sijapata ile kahawia ya maziwa ya taili zetu. Futa pengo kwa spiriti, bandika tepu pande zote, ijaze kwa ncha ya kijiti ipite juu kidogo, halafu subiri. Kuna wakati epoksi inakuwa kama jibini, hainati kidoleni lakini bado haijawa jiwe, hapo chukua wembe mpya uulaze juu ya taili ukate ile iliyozidi, inatoka kama ganda la ndizi. Ukiwahi inavutika yote inatoka na pengo linabaki, ukichelewa ni jiwe tena unasugua. Soma kwenye paketi, kuna za dakika tano na kuna za saa kadhaa, nakushauri ya polepole. Ikishakauka kabisa malizia na msasa wa maji 400 taratibu.

Ule mstari wa udongo uliobaki wazi nao nilipaka epoksi hiyo hiyo ikiwa nyembamba, kwa brashi ndogo, tabaka moja linalozama. Inaziba vile vitundu na inafanya rangi ya udongo isipige kelele. Kuna watu wanapaka rangi ya kucha, na kwa kidoa kidogo inafaa, nimeona, ila kwa shawa haidumu, itabidi urudie kila mara.

Silikoni

Pale taili inapoishia na ukuta wa rangi unapoanzia ndipo maji yanapopenda kuingia, hasa kama nyuma ya ukingo kuna uwazi. Uwazi mkubwa ujaze kwanza kwa gundi ya taili au grauti, acha ikauke, silikoni si ya kujazia mashimo. Na zile kona za ndani ambako kuta mbili zinakutana au ukuta na sakafu, hapo pia iwe silikoni na isiwe grauti, kwa sababu kuta zinacheza kidogo kila upande kivyake, grauti haina mvuto inapasuka, silikoni inavutika.

Nunua ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia kuvu, imeandikwa kwenye tyubu. Inayonuka kama siki ni sawa kwa taili, lakini kama itagusa chuma au jiwe la asili tafuta ile isiyonuka siki, wanaiita nyutro, maana ile asidi inashambulia baadhi ya chuma na inaweza kuacha madoa kwenye jiwe. Silikoni ya zamani itoe yote kwa wembe, mpya haishiki juu ya ya zamani hata ukiikandamiza vipi.

Kata mdomo wa tyubu kwa mshazari, tundu lisipite milimita 5. Tepu juu, tepu chini, acha njia katikati. Sukuma bunduki ya silikoni kwa mwendo mmoja bila kusimamasimama, ukisimama panavimba. Sasa chovya kidole kwenye maji yenye sabuni ya vyombo upitishe mara moja toka mwanzo mpaka mwisho. Hapa watu wengi wanakosea: maji ya sabuni yanakuja baada ya silikoni kushuka, ukiyapulizia ukutani kabla hayo hayo ndiyo yataizuia kushika. Ng'oa tepu hapo hapo ikiwa bado mbichi, ukiivuta kwa kuilaza nje, kwa sababu ikishaanza kutengeneza ngozi utavuta na kingo zake zote. Silikoni yenyewe inakauka kwa kuvuta unyevu wa hewani kwa hiyo hewa ya kando ya ziwa haiisumbui, inachochukia ni ukuta uliolowa. Iache saa 24 bila kuoga, na kama uliiweka nene ongeza siku ya pili.

Pale kuficha ndio jibu

Kuna kingo ambazo hata ukilainisha bado hazipendezi, fundi alikata kwa kupinda, mstari unapanda na kushuka kama njia ya ng'ombe. Jiwe haliwezi kunyoosha hilo. Hapo ndipo stripu inapoingia.

Stripu za kawaida za taili zina mguu wenye matundu unaoingia nyuma ya taili ndani ya gundi, hizo ni za wakati wa kubandika, sasa hivi umechelewa. Chukua ya umbo la L iliyo wazi pande zote, ya plastiki, aluminiamu au stenlesi, milimita 10 kwa 10 au 15 kwa 15, inakaa juu ya ukingo kama kofia. Plastiki ni rahisi na haili kutu lakini inachuja na kukwaruzika. Aluminiamu inapendeza ila simenti mbichi inaila, ikidondokewa na grauti ifute saa hiyo hiyo. Stenlesi ndio ningekushauri ukiweza bei yake. Kata kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo, kona ukate digrii 45 pande zote mbili, halafu pitisha tupa ndani na nje maana chuma kilichokatwa kinachana kuliko taili, itakuwa aibu umetoa meno ya taili umeweka ya stenlesi. Bandika kwa silikoni nyutro, ishikilie na tepu usiku mzima, kesho yake pitisha uzi mwembamba wa silikoni pande zote mbili.

Kwa sakafu ya shubaka na juu ya kiukuta au kizingiti kuna njia ninayoipenda kuliko stripu, nayo ni kipande cha graniti. Wale wanaotengeneza meza za jikoni wana mabaki membamba wanayoyauza kwa bei ya kuondoa tu, na watakukatia kwa kipimo na kulainisha ukingo wa mbele kwa mashine yao ukingali umesimama pale. Kiache kitokeze milimita chache mbele ya ukingo mbaya, kinaufunika wote kwa juu. Kiinamishe kuelekea ndani ya shawa, kama milimita 2 kwa kila sentimita 10, maji yasilale pale chini ya sabuni. Shubaka letu sasa lina kipande cheusi chini, na tangu siku hiyo hakuna ute wa sabuni unaokaa humo.

Kama bafu lako bado halijabandikwa

Kaa na fundi kabla hajafungua boksi la kwanza. Mwambie upande wa kiwandani uangalie nje, uliokatwa uingie kwenye kona ambako taili ya ukuta mwingine itaufunika. Kama unataka stripu zinunuliwe kabla, zenye kimo cha unene wa taili yako, ukiwa na taili mkononi dukani ujaribishe. Na kama anasema atakata digrii 45 kona zikutane ni kazi nzuri ikifanywa na anayeijua, ila mwombe asiipeleke mpaka ikawa wembe, abakishe kama milimita 1 butu kwa mbele, kwa sababu ile ncha nyembamba kabisa inameguka ndoo ikiigusa tu.

Baada ya mwezi rudia ile pamba ya mwanzo kwa kingo zote. Mi ilikwama sehemu mbili, moja ni epoksi iliyoinuka upande, nyingine ni jino nililoliruka chini kabisa karibu na sakafu ambako nilikuwa nimechoka kuinama. Jiwe, maji, dakika tano.